Mama, Nimebandika Baiskeli Kama Kiatu

Mama yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza. Kama huko uliko hakuna viti, basi egemea kitu, maana barua hii naiandika na sijui hata nianzie wapi. La, najua. Nitaanzia mwanzo, na mwisho sitakuonyesha mpaka tufike, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimfukuza mteja anayetaka kuchungulia kiatu kabla gundi haijashika. "Nenda ukanywe chai," ulikuwa ukimwambia. "Kiatu si chapati, ati kiliwe moto." Leo nami nakuambia hivyo hivyo. Kunywa chai, Mama, unisikilize.

Wiki hii nimebandika baiskeli. Ndiyo, umesikia vizuri. Sikuichomelea, sikuifunga waya, sikuikaza boliti. Nimeibandika kwa gundi kama ulivyokuwa ukibandika soli, kisha nikampandisha juu yake Nekesa wetu, kitinda mimba wako, akashuka nayo mteremko mbele ya macho yangu. Kama unataka kunipiga konzi, subiri nimalize.

Nekesa ulimwacha akiwa msichana wa shule, miguu kama vijiti vya mshikaki. Wee! Ungemwona sasa! Kila asubuhi anasambaza mikate kwa baiskeli ya chuma, kutoka hapa Ziwani mpaka Majengo, kreti nyuma, kengele mbele, na wenye vibanda wanamjua kwa mluzi. Miguu imekuwa miguu kweli kweli. Jumapili akitoka kanisani alikuwa akienda kujipima na wanaume wa mjini wanaoendesha baiskeli kwa kujifurahisha, wale wenye kofia na nguo za kubana. Mmoja wao, mtu wa ofisi, ni mteja wangu, baiskeli yake naitengeneza mimi. Siku ya kwanza Nekesa alipompita kilimani na ile baiskeli ya mikate, mtu huyo alicheka. Siku ya pili akanuna. Siku ya tatu akamwuliza jina. Alipopata kazi ng'ambo akaja kwangu na baiskeli yake ya kaboni, akamkabidhi Nekesa. "Mimi nilikuwa naipakata tu," akasema. "Huyu ndiye wa kuiendesha." Nekesa hakulala wiki nzima kwa furaha, na mimi sikulala kwa sababu alikuwa akiongea.

Kaboni si chuma, Mama. Ni kitu cheusi, kikavu, chepesi hata unaweza kukiinua kwa kidole kama kikapu kitupu. Mara ya kwanza nilipoishika nilidhani wametuibia kitu ndani.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Jana Jumamosi ilikuwa siku ya mchujo wa vijana. Wasichana watakaofanya vizuri wanachukuliwa kambini, wanalala huko, wanakula huko, wanafundishwa kuendesha baiskeli kama kazi, na wakiiva wanapelekwa kushindana nje ya nchi. Mwaka ujao Nekesa atakuwa amepita umri wanaouchukua. Ilikuwa jana au basi tena, arudi kwenye mikate. Si kwamba nadharau mikate, imetulisha, lakini mtoto ana kipaji cha kukimbiza watu wazima mpaka wakaacha baiskeli zao mlangoni kwetu! Kwani kitu kama hicho mtu hukiacha kioze?

Na Jumatatu, ya wiki hiyo hiyo, baiskeli ikaanza kulia.

"Sis, hebu skiza hii kitu," Nekesa akaniambia, ameinamia pedali. "Kila nikikanyaga inasema kwii."

Nikasikiliza. Kwii. Nikatoa pedali, nikatoa krenki, ule mkono unaoshika pedali, nikaingiza kidole. Chini kabisa ya fremu, pale mabomba yote yanapokutana, kuna bomba fupi la alumini. Ekseli ya pedali hupita humo, na nguvu zote za miguu huishia hapo. Kwenye baiskeli ya chuma limechomelewa, huna wasiwasi nalo mpaka kiama. Kwenye hii ya Nekesa limebandikwa kwa gundi ndani ya kaboni. Nikalishika, nikajaribu kulizungusha, na lo! Likacheza mkononi mwangu kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Gundi ilikuwa imeachia. Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu palikuwa ndipo panapobeba kila kitu.

Nekesa hakuangalia baiskeli. Aliniangalia mimi usoni. "Inatengenezeka?"

"Ndiyo," nikasema.

Sikujua, Mama! Sikuwa na habari! Nimetengeneza baiskeli miaka yote hii, lakini za chuma, zile ambazo ukikosea unapiga nyundo. Nilisema ndiyo kwa sababu ya macho yake, basi.

Jumanne nikatoka kwenda sokoni Gikomba kuulizia, nikamwambia Nekesa asiguse kitu. Hakuna aliyejua. Mmoja aliniambia nitie mbao, mwingine akaniambia niiuze haraka kabla mnunuzi hajaigundua. Narudi nyumbani, fremu haipo. Nauliza jirani, ananielekeza kwa kuchomoza mdomo tu, na nikasikia mashine inanguruma upande wa kwa Baba Achi.

Baba Achi unamkumbuka, mchomeleaji wetu wa mageti, yule mwenye sauti kama ya mhubiri. Mtaa huu amechomelea kila kitu isipokuwa binadamu. Mguu wa kitanda, kwa Baba Achi. Sufuria imetoboka, kwa Baba Achi. Nekesa hakuweza kunisubiri, akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa Ziwani angefanya, akabeba fremu akampelekea. Nilikimbia, Mama. Mwili huu unaoujua, nilikimbia. Nikamkuta amefunga fremu kwenye jiriwa, kijiti cha kuchomelea mkononi, anavuta miwani yake ya giza machoni.

"Zima! Baba Achi, zima hiyo kitu!"

"Nafula, kwani kuna nini? Nampigia huyu mtoto doti mbili za moto tu, halii tena."

"Hiyo si chuma!"

Akainua miwani. "Si chuma? Sasa ni nini?"

"Ni nyuzi. Ni nyuzi na gundi, imebandikwa ikakauka. Ukiigusa na moto tunabaki na majivu."

Akaizunguka ile fremu polepole, akaigonga na ukucha. "Nyuzi," akasema. "Yaani mtoto amepewa baiskeli ya kufumwa? Kama sweta?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nekesa alikuwa amejishika kichwa. "Sikujua, sis. Si kila kitu huletwa kwa Baba Achi?" Nilitaka kumgombeza, nikaacha, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tukaibeba fremu, yeye mbele mimi nyuma, kama watu waliotoka kuokoa mtoto kisimani.

Lakini njiani maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Nyuzi na gundi. Nikasimama katikati ya barabara, mtu wa mkokoteni akanitukana. Nyuzi na gundi! Si ndiyo kazi niliyokulia ndani yake? Si ndiyo niliyonyonya nayo?

Kibanda chako, Mama. Kile cha mabati pale kwenye kona, na wafanyabiashara wa Gikomba wakikuletea magunia ya viatu vya mitumba vilivyoachama mdomo, uvibandike kabla havijauzwa. Wanaume walikuwa wakija, wanakuona, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nawe unawaambia, "Ametoka, lakini mniachie mimi viatu nimwekee." Jioni wanarudi, wanavivuta huku na huku, wanasema, "Kweli huyu fundi ni mkali," nawe unasema, "Nitamfikishia salamu." Mpaka leo nikikumbuka hilo nacheka peke yangu, watu wananiangalia.

Ulinipa msasa kabla sijajua kushika kalamu vizuri. "Kwaruza," ulikuwa ukisema. "Gundi haishiki penye ulaini, inashika penye makovu." Kisha unafuta vumbi kwa kitambaa na spiriti, na ole wangu niguse tena. Pah! Mkono wangu unakula kofi. "Kidole kina mafuta!" Kisha unapaka, nyembamba, sawasawa, unangoja, unakutanisha, unafunga kwa mikanda ya mpira uliyoikata kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Tyubu hizo nani alikuwa akizifuata? Mimi. "Nenda kwa yule mzee wa baiskeli, mwombe zilizokufa." Nilikuwa naenda naomba zilizokufa, na nikifika nachelewa kurudi, kwa sababu naye alikuwa ananiacha nizungushe magurudumu. Basi ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, Mama, kwa kutumwa mipira. Ulilalamika sana, ati umepoteza mrithi wa viatu kwa ajili ya spoki. Lakini ulikuwa ukinipitia jioni, unasimama pale mlangoni, unajifanya unatafuta kitu.

Na lile jambo lako jingine! Ulikuwa hutoi kiatu kibandani kabla hujakivaa wewe. Kiwe cha nani, utakivaa. Ulikwenda sokoni na mabuti ya askari, plap, plap, plap, akina mama wanakupisha njia. Jumapili moja ulikuja kanisani umevaa viatu vya visigino vya mwalimu wa kwaya, na mwenyewe amekaa mbele yako na ndara, anageuka kila mstari wa wimbo kuviangalia. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuuliza nyumbani kwa nini unaniaibisha. Ulikuwa unavivua, unakanda vidole vyako. "Mimi nimesema kimeshika," ukaniambia. "Kama nimesema uongo, nianguke mimi kwanza."

Basi Jumanne hiyo hiyo nikaingia kazini. Na hapa sasa nakuruhusu ucheke, maana nilifanya upumbavu ambao ni binti wa fundi viatu tu anaweza kuufanya. Nilikwaruza, nikafuta, nikapaka gundi yetu ya njano, ile ile ya soli, harufu ikanijaa kichwani nikawa kama nimekaa magotini kwako. Nikabandika bomba, nikafunga, nikaimba. Jumatano nikarudishia krenki, Nekesa akakanyaga mara moja tu.

Kwii.

Bila shaka! Gundi ya kiatu inatakiwa ikunjike na mguu. Imeumbwa kukubali. Huku inatakiwa gundi isiyokubali chochote, ngumu, kavu, yenye kichwa kama changu. Nilitupa msasa ukutani. Nilisema maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya mama yangu. Nekesa alikuwa anafuta cheni ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akasema, polepole, bila kuinua kichwa, "Nimpigie kocha nimwambie siendi?"

"Utakwenda!"

"Sis, sijali. Kuna mikate."

"Nekesa, nimesema utakwenda!" Nilipaza sauti mpaka Baba Achi akazima mashine yake kusikiliza. Ile "sijali" iliniuma, Mama. Mtoto anajifunza kusema hajali ili mimi nisione haya.

Alhamisi asubuhi nikavuka Industrial Area mpaka Mukuru kwa Reuben, kwa jamaa mmoja anayeitwa Mutua, anayeziba bampa za magari zilizopasuka. Yeye anatumia kitambaa cha faiba, kile cha nyuzi za kioo, na gundi ya chupa mbili, unachanganya hii na hii, na ikishaamua kukauka haina mjadala. Nilimweleza. Akaniuliza swali moja tu.

"Ndani uliona unga mweupe?"

Nikashtuka. Kweli niliuona, nikadhani vumbi.

"Basi hiyo ndiyo imekumaliza," akasema. "Alumini na kaboni hazipatani, dada. Zikigusana, jasho na mvua zikaingia, alumini inaliwa, inatoa unga, gundi inaachia. Ukibandika tena bila kuzitenganisha, itarudi tu." Akanikatia kipande cha faiba, chembamba kama kitambaa cha kuchujia chai. "Weka hii katikati yao. Si unajua watoto wakipigana kitandani unalaza mmoja wa kuwatenga? Ndiyo hii."

Nilitaka kumkumbatia. Nilimkumbatia! Alibaki ameduwaa na brashi yake mkononi, nami nikawa nimeshafika barabarani.

Mama, kazi ile niliifanya kama unanisimamia. Nilikwangua gundi yote ya njano na unga wote mweupe mpaka alumini ikang'aa, nikakwaruza tena mpaka ikapata makovu. Ndani ya kaboni nilikwenda taratibu, kwa msasa laini, kwa sababu kule ukizidisha unakula nyuzi zenyewe. Nikafuta kwa spiriti. Nekesa akasogeza mkono kuonyesha mahali nilipobakiza, na kabla sijafikiri, pah! Nikamlamba kofi la mkono. "Kidole kina mafuta!" Sauti haikuwa yangu. Tukatazamana, kisha yeye akaanza kucheka, nikaanza kucheka, tukacheka mpaka nikaogopa nitapumulia kazi. Kuanzia hapo aliweka mikono nyuma kama mtoto wa gwaride.

Nikachanganya gundi ya Mutua. Nikapaka ndani, nikapaka bomba, nikalivika faiba iliyolowa gundi, nikaliingiza huku nalizungusha kidogo kidogo ili hewa itoke. Nikapitisha boliti ndefu na vibao viwili vya duara nilivyochonga, kimoja kila upande, ili bomba likae katikati lisiegemee popote. Likienda upande hata kidogo, pedali zote zinakwenda upande. Kisha nikalifunga kwa mikanda ya tyubu lisizunguke. Tyubu kuukuu sikuhitaji kuziomba kwa mtu, ninazo rundo.

Lakini ni Julai, na Julai ya Nairobi unaijua, baridi inakaa ndani ya nyumba kama mpangaji. Gundi hii ikipata baridi haikauki. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya na viatu vya wakati wa baridi. Nikawasha jiko, nikaliweka mbali kiasi, nikabandika sufuria ya maji, nikaifunika fremu blanketi mpaka shingoni. Kila nilipoingiza mkono chini ya blanketi kupima joto, wapitao walichungulia mlangoni. Mama wa mboga akaniuliza kama nina mgonjwa. Baba Achi akaja, akavua kofia, akasimama pale kando ya jiko.

"Sweta inaendeleaje?"

"Inapumua."

"Pole kwa mgonjwa," akasema, akaenda. Baada ya muda akarudi na debe la makaa yake mwenyewe, akaliweka mlangoni. Huyo ndiye Baba Achi, ana kelele lakini ana moyo.

Ijumaa alasiri nikafungua mikanda. Nikagonga bomba kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti kavu, ya kitu kimoja. Nikalishika kwa mikono miwili nikalipinda kwa nguvu zangu zote, na unajua nina nguvu. Halikusogea! Nikarudishia beringi, ekseli, krenki, cheni. Nikazungusha pedali kwa kidole. Kimya kitupu, ni cheni tu inanong'ona. Nekesa akaushika usukani, akapanda.

"Shuka," nikamwambia.

"Kwani?"

"Shuka. Natangulia mimi."

Mama, nilivaa dera. Nilipanda ile baiskeli ya nyuzi nikiwa nimevaa dera, nimelifunga fundo pembeni, na mwili wote huu ulionizaa nao ukaongezeka. Kiti chembamba kama kisu. Nikatoka getini, na Ziwani nzima ikatoka nje. Watoto wakaanza kunikimbiza wakipiga makofi. Nikaukabili ule mwinuko wa barabara, nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa hasira zangu zote za wiki nzima, kushoto, kulia, kushoto, huku nimetega sikio. Nilikuwa naitafuta ile kwii, Mama. Niliiita. Kama ipo, itoke sasa!

"Sis! Utaivunja!" Nekesa alikuwa anakimbia pembeni.

"Nataka kuivunja! Ikivunjika ivunjike na mimi!"

Haikusema kitu. Juu kabisa nikageuka, nikaachia breki nikashuka. Eh! Hivi kumbe ndivyo wanavyosikia, hawa watu? Upepo uliingia kwenye dera likajaa, macho yakatoka machozi, nikapiga vigelele peke yangu kama bi harusi aliyejioza. Nikapita kwa Baba Achi, akaniinulia kijiti chake. Nikarudia mwinuko ule mpaka mapaja yakawaka moto. Nilipomkabidhi Nekesa baiskeli yake nilikuwa nahema, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Halafu jana.

Wasichana wa mchujo walianzia barabara ya mashamba ya chai, huko kwa baridi. Mimi nilisimama mwisho wa mteremko mrefu, kwenye kona, kabla ya kilima cha mwisho. Nilichagua pale makusudi. Nilisema kama gundi yangu itaniumbua, itaniumbua hapa, na kama mtoto ataanguka, nitakuwa wa kwanza kumfikia. Acha nikuambie ukweli, furaha yote ya Ijumaa ilikuwa imenikimbia. Mimi nilishuka mwinuko wa Ziwani na dera. Hawa wanashuka kama mawe. Nilikuwa nimelitia jina langu na mwili wa mdogo wangu kwenye gundi ya chupa mbili.

Wakatokea. Kundi zima kwa pamoja, magurudumu yakivuma. Nikamwona kwa kofia yake nyekundu, ameinama, pua kwenye usukani. Nikafumba macho. Ndiyo, nilifumba macho, kwa sababu nilitaka kusikia. Wakanipita kama nyuki, vuuu, wakaingia kilimani, na hapo ndipo wote walisimama juu ya pedali kwa mpigo. Baiskeli za watu zililia. Moja ilikuwa inagonga, nyingine inakwaruza cheni. Ya Nekesa nilifumbua macho kuihakikisha, alikuwa bado karibu nami kabisa, anaitikisa fremu kushoto kulia kama anaikung'uta vumbi, anaikanyaga bila huruma, na ile kitu iko kimya. Kimya! Nilipiga kelele mpaka mwanamume aliyekuwa kando yangu akaziba masikio. "Kanyaga, Nekesa! Imeshika! Kanyaga, imeshika!" Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu hapo hapo akampita mmoja, akampita mwingine, na kona ikamficha.

Nilikimbia kilima kile kwa miguu. Nilipofika uwanjani walikuwa wamekwisha maliza, na yeye amekaa chini kwenye nyasi, ameikumbatia baiskeli, uso wote matope. Hakujua ameshika nafasi gani. Hakuna aliyejua, walikuja wamebanana. Tukangoja. Waamuzi wakakaa kwenye meza yao, wakainamiana, wakainamiana tena. Hatimaye mama mmoja mwenye kofia ya jua akasimama na kipaza sauti, akaanza kutaja wanaokwenda kambini. Jina la kwanza, msichana akaruka. La pili, si yeye. La tatu, si yeye. Nekesa akauma mkono wa jezi yake. Nami nilimshika bega.

"Nekesa Nasimiyu."

Mama. Wewe umekuwa Mama Nafula tangu siku niliyozaliwa. Kwa wateja Mama Nafula, kwa majirani Mama Nafula, hata pasta alikuita hivyo. Nekesa ndiye aliyeandikishwa kwa jina lako, kwa kuwa hapakuwa na la mwanamume la kumpa, na mtaani naye ni Nekesa tu. Jina lako lenyewe mara ya mwisho nililisikia likitajwa mbele za watu siku tuliyokuzika. Tangu hapo, kimya. Na jana likatoka kwenye kile kipaza sauti, likavuka uwanja mzima, likagonga miti ya upande wa pili likarudi, na watu wote wakageuza shingo kumtafuta mwenyewe.

"Nekesa Nasimiyu! Yupo?"

Nekesa alikuwa ameinamisha uso kwenye fremu, analia kwa kwikwi, hawezi kuinua hata kidole. Basi nilijibu mimi, kwa sauti yote niliyokuwa nimebakiza.

"Tupo!"

Pumzika, Nasimiyu. Nimekuita kwa jina, na radhi siombi.

Mzaliwa wako wa kwanza,
Nafula